HUYU M.J. NI NANI? Ndege, Maua na Herufi kwenye Foronya za Bibi Zetu

Leo tunaweka pembeni mambo ya wasanii na nani kaachana na nani. Nina kesi ya foronya.

Baada ya arobaini ya bibi yangu mzaa mama, kule Mamboya, ndugu walikaa kugawana vitu vyake. Mjomba alichukua redio ambayo hata haiongei. Kina mama walianza na kanga, na hapo ndipo maneno yalipotaka kutokea, lakini yaliisha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nashika simu. Mama mkubwa akanitupia kitu: "Shika na wewe, usije ukasema hukupewa."

Foronya moja. Moja tu, haina mwenzake.

Nikaikunjua. Kitambaa cha amerikani kilichogeuka rangi kama maziwa yaliyokaa. Katikati kuna mti mfupi, matawi saba upande wa kushoto, sita upande wa kulia. Juu ya mti ndege wawili wanatazamana. Chini kuna kikapu cha maua. Pembeni kuzunguka kote pana vimioyo vidogo vidogo. Na kwenye kona, kwa uzi mwekundu, herufi mbili: M.J.

Sasa wadau, jina la bibi yangu halianzi na M. Baba yake hakuwa J. Babu naye sio M wala J. Nimepekua ukoo mzima upande wa mama, hakuna. Foronya imelala kwenye kitanda cha ndoa miaka yote hiyo ikiwa na herufi za mtu mwingine! Si mnajua akili zetu sisi watu wa umbea. Nikasema leo nimemfumania bibi kwa foronya ya kufuma.

Kabla sijafika huko, ngoja niongee na wale waliozaliwa juzi.

Zamani kabla ya haya mashuka ya duka yenye picha za simba, nyumba ya mtu anayejiheshimu ilikuwa na mashuka ya kufuma. Mnakaza kitambaa kwenye fremu, mnachora ua kwa kaboni, mnashika sindano na uzi wa rangi, jioni baada ya kazi za shamba mnakaa kibarazani. Kitambaa cha meza, vitambaa vya makochi, cha kufunika redio, cha kufunika mtungi. Shuka lilikuwa ndio mtihani wenyewe. Msichana akiolewa bila shuka la kufuma, mawifi wanaona, na mawifi wakiona mnajua wenyewe. Shuleni nako likawa somo. Mama zetu wamelisoma ndani ya Sayansi Kimu, sisi tumelikuta ndani ya Stadi za Kazi, ingawa darasa letu tulifuma leso moja tu halafu mwalimu akahama.

Na maneno sasa! Karibu mgeni. Usiku mwema. Lala salama. Nimewahi kuona foronya pacha, moja imeandikwa Wawili, nyingine Wapendanao. Ukizipanga vibaya inasomeka Wapendanao Wawili, haina shida sana. Mume akinuna anachukua yake anaenda kulala sebuleni na Wapendanao peke yake.

Turudi kwa M.J. Nilipiga picha ile foronya nikaitafuta mtandaoni, nikitegemea nitaletewa mashuka ya Kariakoo. Nikaletewa Uholanzi.

Nilishangaa. Vitambaa vya miaka ya 1600 na 1700 huko, viko makumbusho, vimewekwa nyuma ya kioo, na vina mti uleule. Ndege wawili walewale wanatazamana. Kikapu kilekile. Mioyo. Na kwenye kona herufi mbili, au jina, na mwaka. Mshono wenyewe ni uleule wa foronya yangu, mshono wa msalaba, nyuzi mbili zinapishana kama X, unahesabu nyuzi za kitambaa badala ya kuchora. Ukikosea hesabu ndege anakuwa kuku.

Waholanzi wanakiita merklap. Merk ni alama, lap ni kipande cha kitambaa. Yaani kitambaa cha alama. Na sababu yake ilikuwa ya kufulia tu jamani. Kwenye nyumba za watu wenye uwezo, mashuka hayakufuliwa kila wiki, yalirundikwa mpaka siku ya kufua, mara chache kwa mwaka, mzigo mkubwa kweli. Kwa hiyo kila shuka liliwekwa herufi za mwenyewe na namba, lisipotee, na yatumike kwa zamu. Uzi mwekundu ulipendwa kwa alama kwa sababu ule mwekundu mzuri hautoki rangi ukifuliwa. Basi binti wa miaka minane, tisa, alikalishwa na kipande cha kitambaa ajifunze herufi A mpaka Z kwa sindano. Ukiangalia vya zamani utakuta J haipo, kwa sababu I na J zilikuwa bado hazijatenganishwa. M.J. wangu angepata shida.

Watoto yatima nao walifundishwa. Amsterdam kulikuwa na nyumba kubwa ya yatima, watoto wake walivaa nguo nusu nyekundu nusu nyeusi wajulikane mtaani, na wasichana walishona sana kwa sababu wakitoka pale kazi iliyokuwa inawasubiri ni kutumika kwenye nyumba za watu. Kitambaa cha alama ndio kilikuwa cheti chao. Anayetafuta mfanyakazi anakiangalia: huyu anajua kuweka alama kwenye mashuka yangu.

Sasa kwenye nafasi zilizobaki kati ya herufi, watoto walijaza picha, na picha hizi zina maana zake. Mti ni mti wa uzima. Mara nyingi utakuta Adamu na Hawa wamesimama huku na huku, nyoka amejizungusha katikati. Tausi ni kutokufa, kwa sababu Wakristo wa zamani waliamini nyama ya tausi haiozi. Ayala ni yule wa Zaburi ya 42, roho yenye kiu. Kuna simba ndani ya bustani iliyozungushiwa uzio, pamoja na binti ameshika fimbo yenye kofia juu: huyo binti ni nchi yao, uzio ni mipaka, kofia ni uhuru, maana walipigana na Hispania kuanzia 1568 mpaka 1648. Yaani mtoto wa miaka tisa anashona siasa.

Picha niliyoipenda kuliko zote ni ya watu wawili wamebeba mti begani, na katikati ya mti linaning'inia tawi la zabibu kubwa kuliko wao. Waliosoma Shule ya Jumapili wanajua, ni wapelelezi waliotoka Kanaani. Watu wanapenda kusema ni Yoshua na Kalebu. Nenda kasome Hesabu 13, haijasema. Imesema watu wawili. Wamebeba mzigo mzito, wameshonwa na maelfu ya wasichana, na majina hawajaandikiwa.

Msinidai maana ya kila ua lakini. Nyingine ziliwekwa kujaza nafasi, na nyingine zimepewa maana na wakusanyaji waliokuja baadaye na pesa zao. Mtoto alikuwa na kitabu cha michoro mbele yake, akanakili. Vitabu hivyo vimechapwa tangu miaka ya 1520 huko Ujerumani, vikaenea Ulaya nzima. Ndio maana ndege wa Uholanzi utamkuta Uingereza, utamkuta Denmark.

Na Mamboya.

Waholanzi hawakuja Mamboya na sindano, tusidanganyane. Waliokuja ni Waingereza wa misheni ya CMS. Alexander Mackay alisimamia kazi ya kufungua barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa mwaka 1877, na Mamboya ipo njiani. Baada ya hapo akaja J. T. Last akakaa kabisa Mamboya, akajifunza Kikaguru mpaka mwaka 1886 kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kikachapwa London. Mke wake alimfuata, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Kiingereza kuishi mbali na pwani kiasi kile, na akafia kulekule. Kuanzia 1927 kazi ya CMS huku kati ikachukuliwa na Waaustralia. Na popote misheni ilipofungua shule ya wasichana Tanganyika, sindano ilikaa karibu na Biblia. Ukisoma historia ya Mamboya utapata majina ya wamisionari, ya maofisa, ya machifu. Wasichana waliokaa chini wakahesabu nyuzi hawamo.

Ila kitambaa chenyewe kilitangulia kufika kuliko mmisionari. Njia ileile ilipitisha misafara, na pesa ya msafara ilikuwa kitambaa. Amerikani iliitwa hivyo kwa sababu kweli ilitoka Marekani, viwanda vya Massachusetts, meli za Salem, mpaka vita vyao vya 1861 vilipoharibu biashara, Mwingereza na Bombay wakaingia. Kaniki ilitoka India. Mpagazi alilipwa kwa mikono na doti, doti moja mikono minane. Chifu alilipwa hongo kwa doti. Kwa hiyo Mkaguru alijua kitambaa kama pesa kabla hajakijua kama kitanda. Cha kuchekesha, pamba baadaye ikalimwa hapahapa Kilosa, na kituo cha utafiti wa pamba kikawekwa Ilonga, lakini bibi yangu bado aliita kitambaa chake amerikani.

Na Mholanzi naye hajatoka kwenye hadithi, subirini. Hizi kanga ambazo kina mama walitaka kugombania pale msibani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 nyingi zilikuwa zinachapwa Uholanzi. Leiden, Haarlem, Helmond. Kampuni ya Kijerumani ya Hansing ilikuwa Zanzibar inapeleka oda: wanawake wa Unguja wanataka mchoro huu, huu wameukataa, na fundi wa Helmond ambaye hajawahi kumwona Mswahili anachonga mbao upya. Mwanamke wa Ng'ambo akisema hili korosho limekaa vibaya, mtu anafanya kazi usiku Uholanzi. Hilo nalipenda sana. Tulikuja kujichapia wenyewe, Urafiki pale Ubungo ikafunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina.

Tofauti yetu na wao nimeiona hapa. Mholanzi alificha fumbo kwenye picha, herufi akaziacha kavu: A, B, C, jina, mwaka. Sisi tumegeuza. Kanga inaweza kuwa na korosho au maua au embe, hakuna anayejali sana. Kila mtu anakimbilia jina la kanga, yale maneno ya chini, kwa sababu jirani atayasoma. Na shuka vilevile. Ndege wawili ni bwana na bibi, moyo ni moyo, kikapu ni kikapu. Neno ndio linaumiza au linabembeleza. Ukiweka Usiku mwema kwenye foronya ya mtu anayerudi saa nane za usiku, umeshasema.

Kwa hiyo kwenye foronya ya bibi, mwenye akili angeanza na herufi. Nikampigia mama mkubwa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko?"

Tukaenda salamu zote, mvua, mahindi, bei ya mbolea, mtoto wa nani kafaulu. Halafu nikachomeka. Mama mkubwa, M.J. ni nani?

Alicheka mpaka akakohoa.

Akasema mama yake aliwahadithia wao wakiwa wadogo. Bibi hakupelekwa shule. Alikuwa wa kwanza kuzaliwa, na mtu wa kubeba wadogo zake alitakiwa. Kulikuwa na msichana wa jirani alisoma bweni kwa wamisionari, akirudi likizo anakaa nje na fremu yake anafuma. Bibi alikuwa ameshachumbiwa, hana shuka, hana foronya. Akamwomba yule msichana amwazime ile aliyomaliza. Usiku mmoja, basi. Akapata kipande cha amerikani kinachotosha foronya moja, akawasha koroboi, akaweka kazi ya mwenzake upande huu na yake upande huu, akaanza kuhesabu.

Hapo mama mkubwa akaongeza kitu ambacho hakuna makumbusho ingeniambia. "Unafikiri mkeka unasukwaje? Mama alikuwa anasuka ukili tangu mdogo. Hiyo kuhesabu mbili juu mbili chini, wazungu hawakumfundisha."

Usiku mmoja ukawa siku nne. Alinakili mti, ndege, kikapu, vimioyo, kila kitu. Akafika kwenye kona akakuta vitu viwili vyekundu, kimoja kina ncha juu, kingine kimejikunja mkia. Akavinakili navyo.

"Alidhani na vyenyewe ni maua," mama mkubwa akasema.

Wadau, mimi pale nilinyamaza.

Basi ikapita miaka. Ikaja kampeni ya kisomo. Mwaka 1970 Serikali iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, halafu TANU ikataka ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchi nzima kufikia 1975. Watu wazima waliketi chini ya miembe na ubao, mama na mtoto mgongoni. Bibi akaenda. Mwalimu akachora M. Bibi akacheka darasa zima likageuka. Akasema, hilo mbona ninalo kitandani?

Nikamuuliza mama mkubwa, alipojua ni jina la mtu kwa nini hakulifumua? Akaniona mjinga. "Alifumue kwa nini? Uzi ulikuwa ghali. Na rafiki yake yule alikuwa ameshaolewa mbali huko, hawakuonana tena."

Kuna foronya moja London, kwenye makumbusho ya Victoria na Albert. Sio foronya, ni kitambaa tu, lakini tangu nisome habari zake nakiweka kundi moja. Alikishona Elizabeth Parker, mtumishi wa ndani, kwenye miaka ya 1830, kwa mshono wa msalaba na uzi mwekundu. Hakuna ua hata moja. Hakuna ndege. Ni herufi tupu kutoka juu, anasimulia alivyotendewa ukatili na bosi wake, na jinsi alivyofikiria kujiua. Inakwenda, inakwenda, halafu inakatika katikati ya sentensi, kitambaa kingine cheupe. Yule alitumia mshono kwa sababu herufi ndizo alizokuwa anazitaka. Bibi yangu alizipita herufi kama anapita maua ya njiani. Wote wawili vidole vilifanya kazi ileile.

Nikarudi kwa mama mkubwa, maana bado ilikuwa inaniuma kwamba herufi zilizobaki za bibi sio zake. Nikamuuliza kama hakuwahi kufuma jina lake mwenyewe.

"Alifuma. Mwenzake hiyo. Alipomaliza kisomo alitafuta kitambaa akafuma ya pili, akaweka herufi zake kubwa kuliko ndege. Moja ilikuwa imegeuka nyuma mbele, tulikuwa tunamcheka."

Moyo ukanidunda. Nikamwambia mama mkubwa iko wapi hiyo, niko tayari kuja kesho na basi la kwanza.

"Aliichana mwenyewe."

"Aliichana!"

"Mtoto alizaliwa masika, nguo hazikauki, vitambaa vya kumvalisha vimeisha. Amerikani iliyozeeka ni laini. Akaichana vipande sita."

"Mtoto gani mama mkubwa?"

"Si wewe hapo."

Sikuwa na la kusema. Nimekasirikia watu wanaochana vitambaa vya zamani wiki nzima, kumbe aliyeharibu ushahidi ni mimi, tena kwa namna ambayo sitaki kuielezea hapa. Mama mkubwa akaniambia bibi hakusita hata kidogo, alichana huku anaimba. Nilitaka kumuuliza kama kuna kipande kilibaki. Akasema niache mambo ya wazungu, nije nichukue mahindi.

Sasa niliyebaki naye ni M.J. Kama yuko hai ana umri wa kama miaka themanini. Alisoma bweni shule ya misheni, miaka ya mwanzo ya 1960 au kabla ya hapo kidogo, likizo alikuwa anakuja Mamboya, akaolewa mbali. Jina lake limelala kitandani kwa rafiki yake zaidi ya miaka hamsini na sidhani kama anajua. Kama ni bibi yako, usimwandikie jina lake hapa, muulize tu kwa upole kama aliwahi kumwazima mtu foronya usiku mmoja ikarudi siku ya nne. Na kama yake bado anayo, naomba mhesabu matawi ya ule mti upande wa kulia. Yangu yako sita. Nataka kujua hilo moja aliliruka bibi yangu kwa ajili ya koroboi, au lilikuwa halipo tangu mwanzo.